Jiwe la Mama Zelphia na Jezi Namba Ishirini na Nne

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa ofisi ya kanuni za wachezaji, mkono wangu kwenye kitasa, roho inanichemka.

Kwa anayeanza kusoma leo, nifupishe. Mimi ni Ornetta Gatewood, mkaguzi wa vyakula wa kaunti, hapa hapa Mississippi. Diploma yangu iko ukutani na sina mume wa kunituliza. Mama yangu, Zelphia, alifariki. Kanisa letu la Dorrance likakaanga kambare na kuuza kwa sahani ili tupate jiwe la kaburi lake. Dada yangu Earnestine akabandika tangazo lenye picha ya mwanangu Tavarus akiwa na jezi ya chuo: "Njooni mle kambare wa Namba Ishirini na Nne!"

Watu wakala mpaka masufuria yakabaki yanalia.

Miaka ile, kabla sheria haijabadilishwa, mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kupata hata soda kwa sababu ya jina lake. Picha ikafika chuoni kwake, Chuo Kikuu cha Pell Ridge. Tavarus akasimamishwa. Na Jumamosi ilikuwa mechi ya mpira wa Kimarekani kubwa kuliko zote za mwaka, ile ambayo watu wa timu za kulipwa huja kukaa jukwaani na kuchagua.

Nikafungua mlango, Earnestine nyuma yangu.

Ndani walikuwa wawili. Bwana Whitcomb, mkuu wa kanuni, kijana mwembamba mwenye tai ya rangi za chuo. Na Kocha Tillery, kifua mbele, anatafuna kijiti.

"Bi Gatewood, karibu uketi," akasema Whitcomb.

"Nitasimama. Nimeketi kwenye gari asubuhi nzima."

Earnestine yeye aliketi. Akaweka mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Nikamwaga makaratasi mezani. Kibali cha kukaanga. Kibali cha kuuza. Vipimo vya joto la mafuta, nilivyovichukua kwa mkono wangu mwenyewe.

"Hakuna kambare aliyetoka mbichi pale," nikasema. "Akina mama wote walifunga nywele. Mchungaji Lofton nilimtoa jikoni kwa sababu alikuwa anakohoa. Kama kuna kanuni nimevunja, nionyesheni."

Whitcomb akakohoa. "Bi Gatewood, hatuna tatizo na joto la mafuta."

"Basi mna tatizo na nini?"

"Kwa kweli, habari ya samaki imekwisha. Pesa ziliingia mfuko wa kanisa. Tangazo alilibandika shangazi. Kijana hakujua. Wakubwa wa michezo ya vyuo wamekubali kumpa onyo tu."

"Haleluya!" Earnestine akaruka. "Nilikwambia, Ornetta! Nilikwambia usije na sura ya kupigana!"

Nikaanza kukusanya makaratasi yangu. Nilikuwa nimeshaona njia ya kurudi nyumbani.

"Tatizo ni jiwe," akasema Whitcomb.

Nikasimama hivyo hivyo, karatasi mkononi.

"Jiwe gani?"

"La kaburini. Mlilipia la kulala, Bi Gatewood. Lile dogo la bapa. Lililosimama pale kaburini ni la kusimama, la kijivu, lina maua pembeni."

Ni kweli. Crenshaw, mchonga mawe ya makaburi wa mjini kwetu, alituletea jiwe kubwa kuliko tulilolipia. Akavua kofia, akasema, "Kwa heshima." Nikalia. Nilidhani ni heshima ya mama yangu, ambaye alimfundisha Crenshaw huyo huyo kusoma katika shule ya Jumapili.

"Bwana Crenshaw ni mshabiki wetu wa siku nyingi," Whitcomb akaendelea. "Tulimpigia. Akatuambia mwenyewe, kwa furaha kabisa, kwamba alimwongezea bibi wa Namba Ishirini na Nne. Hiyo, kwa kanuni, ni zawadi ya mshabiki kwa mchezaji."

"Kwa mchezaji? Aliyelala chini ya lile jiwe ni mama yangu. Yeye alikimbia mechi gani?"

Kocha akacheka kidogo. Peke yake.

"Zawadi lazima irudi kwa aliyeitoa," akasema Whitcomb. "Tunahitaji picha ya kaburi bila jiwe. Jumamosi asubuhi iwe imefika, na mchana Tavarus atacheza. Isipofika, msimu wake umekwisha."

"Nitalipa tofauti. Leo hii. Kutoka kwenye mshahara wangu."

"Malipo ya baadaye hayafuti zawadi."

"Kwa hiyo nikang'oe jiwe la mama yangu, ambalo limeshachongwa jina lake, nimrudishie Crenshaw. Yeye atamuuzia nani? Kuna Zelphia Bankhead mwingine anayesubiri?"

"Bi Gatewood, kanuni sikuziandika mimi."

"Aliyeziandika ana mama?"

Nikatazama dirishani nisije nikamrushia kitu. Chini, mbele ya lango la uwanja, kulikuwa na duka la chuo. Mlangoni zimening'inia jezi, safu nzima, nyekundu. Namba ishirini na nne. Namba ishirini na nne. Namba ishirini na nne. Watoto wanavutana mikono na mama zao.

"Na zile?" nikauliza.

"Zile ni jezi za chuo."

"Namba ya nani?"

"Namba ni ya chuo."

"Anayenunua ile jezi anaitaka kwa sababu ya nani?"

"Jezi haina jina mgongoni, Bi Gatewood. Kwa hiyo kisheria si ya mtu yeyote."

Alisema bila kupepesa macho. Nimekagua mikahawa ambayo panya walikuwa wanapita miguuni mwangu, na mwenye mkahawa anasema, "Panya yupi?" Sauti ilikuwa ile ile.

Hapo Kocha akatoa kijiti mdomoni.

"Mama, hebu tuongee kama watu wazima. Mwanao analipwa. Analipwa kitu ambacho hakiwezi kuibiwa. Elimu. Wewe una diploma. Ulilipiaje?"

"Kwa kufua mashuka ya hospitali."

"Basi. Yeye hafui mashuka. Anakula, analala, anasoma, hatoi senti. Sasa unataka tumpe na mshahara? Tukimlipa yeye, tumlipe na anayepiga tarumbeta? Na anayeruka ruka na vishada kushangilia timu?"

Hapo, wasomaji, alinipata. Kwa sababu maneno hayo ni yangu. Niliyasema mimi mwenyewe kanisani, mbele ya watu, pale wanaume walipokuwa wanalalamika kwamba vijana wananyonywa. Niliwaambia kitabu ndicho mshahara, anayetaka pesa akatafute kazi. Walinizomea, sikujali.

Nikachukua makaratasi yangu, nikatoka na Earnestine.

Tavarus alikuwa anatusubiri kwenye maegesho, ameegemea gari langu. Ni mkubwa. Akiegemea gari, gari nalo linaegemea. Kazi yake uwanjani ni kubeba mpira kwapani na kukimbia huku wanaume wengine wakubwa kama yeye wanataka kumvunja.

"Wamesemaje, mama?"

Nikamweleza. Uso wake haukubadilika. Hilo lilinikera kuliko yote.

"Hushtuki?"

"Kocha aliniambia jana."

"Jana! Na hukunipigia?"

"Nilijua utapiga kelele."

"Sijaanza, Tavarus. Hiki unachosikia si kelele."

Earnestine akaingilia. "Mwacheni mtoto. Ornetta, jiwe ni jiwe. Tunaling'oa, msimu ukiisha tunamnunulia mama jingine."

"Na wewe nyamaza. Ni nani alimwambia Crenshaw habari za Namba Ishirini na Nne? Alijuaje kwamba ni bibi yake? Jina kwenye jiwe ni Bankhead, si Gatewood."

Earnestine akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba.

"Earnestine."

"Niligusia tu."

"Uligusia!"

"Nilijivuna kidogo! Ni dhambi? Nilimwambia yule bibi ndiye aliyemlea mchezaji. Crenshaw akasema basi ngoja nitafute jiwe la maana. Ningemwambia nini, hapana, tuletee baya?"

Nikamwambia atarudi Dorrance kwa basi. Sikutania. Akaniita mchoyo wa roho, akaniita shetani mwenye diploma, na mengine ambayo gazeti hili halitayachapa. Watu waliokuwa wanaosha magari yao wakaacha kuosha.

"Mama," akasema Tavarus. Sauti ndogo, kwenye mwili ule. "Kuna kitu kingine."

"Sema."

"Sisomi wanyama."

Sikumwelewa. Tangu utotoni Tavarus alitaka kutibu wanyama. Alimfunga mbwa wa jirani mguu kwa soksi zangu nzuri. Nilikubali aende Pell Ridge, nikakataa vyuo vingine, kwa sababu Pell Ridge wana shule ya mifugo. Kocha Tillery alikaa sebuleni kwangu, akala keki ya mama yangu, akaniahidi.

"Husomi wanyama unasoma nini?"

"Walinihamisha mwaka jana. Maabara ya wanyama ni mchana. Mazoezi ni mchana."

"Wakakuweka wapi?"

"Masomo ya Jumla ya Burudani na Jamii."

Earnestine akasahau kwamba tumegombana. "Burudani? Ya ngoma?"

"Hata sijui, shangazi. Karibu timu nzima tuko huko. Mwalimu anatuwekea video."

Niliuona ule mshahara, wasomaji. Ule niliokuwa nauhubiri kanisani. Mtu amefanya kazi mwaka mzima, mwisho wa mwaka anapewa bahasha, ndani kuna magazeti yaliyokatwa.

Nilipanda zile ngazi tena. Kocha nilimkuta kwenye korido.

"Wewe. Ulikula keki ya mama yangu."

"Samahani?"

"Uliniambia shule ya mifugo. Mwanangu anatazama video."

Hakushtuka hata yeye. Nadhani huwa wanafundishwa.

"Hakuna aliyemlazimisha, Bi Ornetta. Alipewa nafasi ya kuchagua, maabara au mpira. Akaweka sahihi."

"Angechagua maabara?"

"Angekosa nafasi kwenye timu. Asiye kwenye timu hana ufadhili. Hiyo si siri." Akasogea karibu. Akanuka mnanaa. "Na nikukumbushe kitu kama rafiki. Ufadhili unatolewa mwaka kwa mwaka. Anayeuidhinisha ni mimi. Ukianza kupiga kelele magazetini, atakayelipa si wewe. Nenda nyumbani. Toa lile jiwe."

"Jiwe haliguswi."

"Basi umemaliza kazi ya mwanao kwa mikono yako."

"Kazi? Si umesema hapa hakuna kazi, kuna elimu?"

Akaniacha pale. Nilidhani nimeshinda. Nilipofika chini nikajua bado.

"Mama, toa jiwe," akasema Tavarus.

"Nini?"

"Toa tu. Nimebeba mpira wao toka nimefika hapa. Nimeshonwa goti. Somo hawakunipa. Kitu pekee kilichobaki ni Jumamosi. Wale watu wa timu za kulipwa wakiniona Jumamosi, nitapata kitu. Wasiponiona, basi vyote hivi nilifanya bure. Unanielewa? Bure."

"Ili wewe uonekane, mama yangu alale bila jina."

"Bibi angeling'oa mwenyewe! Kwa mikono yake!"

"Usiniambie mama yangu angefanya nini!"

"Wewe unalilia jiwe, mimi unaniacha nizikwe mzima mzima!"

Nilimwambia maneno. Nilimwambia amekuwa kama wao, kila kitu kwake ni mechi. Nilimwambia asinipigie mpaka ajue mtu ni nani na jiwe ni la nani. Akaitikia, "Ndiyo, mama," kwa adabu kabisa, kama anamjibu askari wa barabarani. Akaondoka bila kugeuka.

Earnestine nilimpa lifti mpaka Dorrance.

Jumamosi niliamka nikiwa na mpango. Earnestine simwamini, Crenshaw simwamini, na chuo kina watu wake kila mahali. Nikachukua kiti changu cha kukunja, kile cha kukalia kanisani wakati wa pikiniki, nikachukua chupa ya kahawa, nikaenda makaburini. Nitakaa mbele ya mama yangu mpaka mechi iishe. Anayetaka jiwe atanipitia mimi.

Nilifika, nikasimama kiti mkononi.

Kulikuwa na shimo.

Shimo la pembe nne, safi, kwenye ule udongo wetu mweusi unaonata kama gundi. Maua ya plastiki yamepangwa pembeni vizuri. Alama za matairi zinakwenda mpaka lango. Na nyayo. Mguu mkubwa, wa mtu mmoja tu ninayemjua, ambaye viatu vyake vilikuwa vinanimalizia mshahara tangu akiwa darasa la sita.

Nikampigia Earnestine.

"Pikapu ya marehemu mume wako iko wapi?"

"Ornetta, usikasirike."

"Iko wapi?"

"Alikuja Tav asubuhi. Akaniomba funguo. Nikampa. Akanibusu, akaenda."

"Hukumuuliza anapeleka wapi?"

"Niliogopa atanijibu."

Sikuweza kulia. Nilikaa kwenye kile kiti mbele ya shimo kama mjinga. Simu ikalia. Nikadhani ni yeye.

"Bi Ornetta!" Kocha Tillery. Anacheka kabisa. "Nataka kukushukuru. Kijana wako ni mwanamume. Picha imefika, kaburi halina jiwe, Whitcomb amepitisha. Leo atacheza! Unaona sasa? Mambo madogo haya. Njoo uwanjani, nimekuwekea kiti kizuri."

"Kiti ninacho," nikasema, nikakata.

Nilikunja kiti, nikakitupa kwenye buti. Sikuwa naenda kutazama mechi. Nilikuwa naenda kumwambia mwanangu mbele ya watu wote kwamba sina mtoto. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Njia nzima nikawa nayarudia kwa sauti, mpaka dereva wa lori kwenye taa nyekundu akafunga dirisha lake.

Nikafika Pell Ridge barabara zimejaa. Bendera, moshi wa nyama choma, watu wamejipaka rangi nyusoni. Nikaacha gari mahali palipoandikwa usiache gari.

Mbele ya lango la uwanja palikuwa na umati, lakini si ule wa kuingia. Watu walikuwa wamesimama duara, na hawapigi kelele. Ukiwajua watu wa Pell Ridge siku ya mechi, utajua kwamba hapo kuna jambo.

Nikapenya kwa viwiko.

Mlangoni mwa duka, katikati ya zile jezi nyekundu, lilikuwa limesimama jiwe la mama yangu.

ZELPHIA BANKHEAD. Udongo mweusi bado umeshika chini. Pembeni, Tavarus ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha. Hakuvaa jezi. Alivaa suti aliyomzikia bibi yake, na viganja vyake vilikuwa na malengelenge.

Whitcomb alikuwa mbele yake, tai imepinda, jasho linamtoka.

"Tavarus, mlitakiwa kulirudisha kwa Bwana Crenshaw!"

"Hapana, bwana. Mlisema lirudi kwa aliyelitoa."

"Ndiyo, Crenshaw!"

"Crenshaw alisema mwenyewe, alitoa kwa sababu ya Namba Ishirini na Nne. Sasa ile namba ni ya nani?"

Whitcomb akautazama umati, akainyoosha tai yake.

"Mama yangu alikuuliza, ukamwambia namba ni ya chuo," akasema Tavarus. Hakupandisha sauti. Yule mtoto hajawahi kupandisha sauti ila kwangu mimi. "Basi kama namba si yangu, na zawadi si yangu. Ni yenu. Aliyepewa ni chuo, ninawakabidhi. Tafuteni mahali mkamzike bibi wenyewe."

Mzee mmoja aliyejipaka rangi ya chuo uso mzima akavua kofia. Mwingine akafoka, "Ondoa uchafu huo, tunataka mechi!" Mwanamke wa nyuma yake akamwambia, "Uchafu ni mdomo wako, Dwight!" Wakaanza kusukumana. Simu zimeinuliwa juu kila upande.

Tavarus akaniona. "Nimeshajua jiwe ni la nani, mama," akasema.

Yale maneno niliyoyapanga njia nzima, wasomaji, sikumbuki hata moja.

Kocha Tillery akatokea langoni akikimbia. Hakwenda kwa mwanangu. Alikuja kwangu. Akanishika kiwiko, akaninong'oneza kama mchumba.

"Bi Ornetta, mwambie aliondoe. Sasa hivi. Avae jezi, aingie. Jumatatu namrudisha kwenye wanyama, naapa. Maabara, vitabu, kila kitu. Nitapanga mazoezi yake asubuhi. Na jiwe mlirudishe kaburini, nitaongea na Whitcomb, hakuna atakayeuliza."

"Kumbe inawezekana," nikasema.

"Nini?"

"Maabara na mpira. Kumbe mtu akitaka inawezekana."

Nyuma ya Kocha nikaona askari wawili wa chuo wanakuja taratibu, mikono kwenye mikanda.

"Tukikataa?"

"Basi amekwisha. Leo, mwakani, popote. Nitampigia kocha mmoja mmoja nchi hii. Hatabeba hata chupa za maji."

Nilimtazama mwanangu. Kila nilichokuwa nakitaka kwa ajili yake, huyu mtu alikuwa ameshakitoa mfukoni na kunishikisha. Shule ya mifugo. Mechi. Jiwe kaburini. Ilikuwa kusema neno moja tu.

"Mama, sema wewe," akasema Tavarus. "Ukisema tuondoke, nalibeba sasa hivi. Sitakulaumu."

Nikageuka, nikaenda kwenye gari. Nikasikia Kocha anashusha pumzi. "Mama mwenye akili," akawaambia askari. "Amekwenda kuleta gari, wapakie."

Nikafungua buti.

Nikarudi na kiti changu. Nikakikunjua mbele ya mlango wa duka, upande wa pili wa jiwe, nikakaa. Nikaweka mkoba mapajani.

"Endeleeni na mechi yenu," nikasema.

Umati ukalipuka. Nusu wanashangilia, nusu wanatukana, na sikuweza kujua ipi ni kubwa. Kocha uso ulibadilika rangi mpaka ukafanana na jezi. Akatoa kile kijiti, akakitupa chini.

"Sawa," akasema. "Sawa, Bi Ornetta. Hamliondoi nyinyi, nitawaita wa kuliondoa."

Akaweka vidole mdomoni, akapiga mluzi kuelekea uwanjani.

Lango likafunguka. Wakatoka wachezaji wenzake Tavarus, timu nzima, wamevaa tayari kwa mechi, kofia ngumu mkononi, viatu vyenye meno vinagonga sakafu ya saruji. Wale wale waliokuwa wanalala naye bweni moja. Wale wale wa Burudani na Jamii. Watu wakawapisha. Hakuna aliyekuwa anacheka.

"Libebeni," Kocha akaamuru. "Litupeni nyuma ya duka. Tuna dakika chache."

Mbele alikuwa nahodha wao, jitu la kutisha, shingo kama gogo. Nilimjua. Alikula kwangu sikukuu mbili. Hakunisalimia. Hakumtazama hata Tavarus.

Akaja mpaka mbele ya jiwe. Akaweka kofia yake chini. Akainama, akasoma jina la mama yangu, midomo inacheza.

Kisha akalishika kwa mikono yote miwili.

Itaendelea wiki ijayo.